Buti linaachia, koti linavuja, vidole vinaganda: tafuta chanzo kabla hujafika getini

Vifaa vya kupandia Mlima Kilimanjaro huharibikia chini na kujionyesha juu. Soli ilishaanza kufa ikiwa kabatini mtaa wa Soweto au Njoro hapa Moshi, lakini itasubiri ufike kambi ya Barranco ndipo iachie. Koti lilipoteza uwezo wake siku lilipofuliwa na sabuni ya unga, wewe utagundua msitu wa Machame mvua ikiwa imeshaingia mgongoni. Kwa hiyo anayetaka kutatua tatizo lazima arudi nyuma, na pengine arudi mbali kuliko alivyodhani.

Ninaandika nikiwafikiria wagumu (wapagazi) wanaoanza kazi, waongoza watalii wasaidizi, na Watanzania wanaopanda kila Desemba kusherehekea Uhuru. Wengi wetu hukusanya vifaa kwa kuokoteza: buti soko la Kiboriloni, koti soko la Memorial, slipingi begi ya kukodi mjini. Mitumba haina ubaya wowote. Kwenye belo zuri unaweza kuokota koti ambalo likiwa jipya lingemeza mshahara wa miezi. Ila muuzaji wa mitumba anauza nguo, haijui historia yake, na kukagua ni kazi yako.

Weka hesabu hii kichwani kabla hatujaendelea. Kadiri unavyopanda, joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Moshi mjini tuko kwenye mita 800 na ushee. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Usiku wa nyuzi 18 hapa Moshi, unaotufanya tujifunike shuka moja, kule juu ni usiku wa -12, na upepo bado haujahesabiwa. Kifaa kikikusumbua kidogo tu kwenye baridi ya asubuhi ya Marangu, usitegemee kitakuwa na adabu ukifika juu.

Soli inaachia

Dalili: buti linaonekana zima, ngozi inang'aa, halafu siku ya pili ya safari soli inafunguka kuanzia kwenye kisigino au kwenye vidole.

Watu wengi hulaumu gundi. Mara nyingine ni kweli: ukichungulia kwenye ufa na kuona pande zote mbili ni laini, safi, na gundi ya zamani imekauka kama utando wa njano, hiyo ni gundi, na fundi mzuri anaweza kuiokoa. Atasugua kwa msasa pande zote mbili, atapaka gundi ya viatu, ataiacha ikauke kidogo kabla ya kugandisha, kisha atapiga mshono wa kuzunguka. Mwambie apige mshono hata kama anakuhakikishia gundi inatosha.

Lakini kwenye buti za mitumba mwenye kosa mara nyingi ni soli ya kati, ile tabaka laini iliyo kati ya ngozi na mpira wa chini. Buti nyingi za mlimani zimewekewa soli ya kati ya poliuretani (aina ya plastiki), na poliuretani huliwa na unyevu wa hewa polepole hata kiatu kisipovaliwa. Umri wake wa kawaida ni kati ya miaka mitano na kumi hivi tangu ilipotengenezwa. Joto na unyevu huharakisha, na kukaa tu ndani bila kutumika hakuisaidii. Ndiyo maana buti ambalo mzee fulani Ulaya alilinunua, akalivaa mara chache na kulihifadhi vizuri, linaweza kuwa baya kuliko lile lililochakaa kwa kutembelewa. Upya wa ngozi usikudanganye.

Kulijaribu hakuhitaji kifaa. Bonyeza soli ya kati kwa ukucha wa kidole gumba, pembeni karibu na kisigino. Ikiwa nzima, inabonyea na kurudi. Ikiwa imekufa, ukucha unaacha alama, au unatoka na chembe chembe, au soli inanata. Kisha kunja buti kwa nguvu kama linavyokunjwa ukipanda, uangalie mistari midogo ya nyufa pembeni. Mafundi viatu wa Moshi wanaijua hali hii vizuri. Ukimpelekea buti la namna hiyo, atapitisha kisu kwenye ufa, unga utamwagikia mapajani mwake, naye atakurudishia bila kutaja bei: "Kaka, hii gundi itashika wapi? Hamna kitu humu." Msikilize. Gundi haishiki unga, na kuibandika upya ni kuahirisha aibu.

Alama ya njano ya Vibram (kampuni ya kutengeneza soli) chini ya soli inawapumbaza wengi. Inakwambia kuhusu mpira unaokanyaga ardhi tu. Haisemi lolote kuhusu tabaka lililo juu yake wala umri wa kiatu. Fungua ulimi wa kiatu usome kibandiko cha ndani. Kampuni nyingi huandika humo mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kikiwa kimefutika, rudi kwenye jaribio la ukucha.

Soli ya kati ya EVA, ile nyepesi inayotumika kwenye raba na buti nyingi nyepesi, haiozi kwa namna hii. Yenyewe hulala tu, ikawa ngumu na bapa. Kwa mtu anayekwenda Mandara, kambi ya kwanza ya njia ya Marangu, na kurudi, raba nzuri ya EVA ina faida kuliko buti zito lisilojulikana lilikotoka.

Koti linavuja, au unadhani linavuja

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure, maana watu hutupa makoti mazima na kununua mabovu.

Ukifika kambini na kukuta umelowa ndani ya koti la mvua, jambo la kwanza ni kuangalia umelowa wapi. Maji yaliyopita kwenye koti huanzia mabegani kwenye mishono, kwenye mstari wa zipu, shingoni, au kwenye mikono ambako flisi (sweta laini la ndani) imechungulia nje na kunyonya mvua kuingiza ndani. Jasho huanzia mgongoni ulikobeba begi, kwapani na kifuani. Ukiwa umelowa mgongo na kifua huku mabega yamekauka, koti halina kosa. Umevaa nguo nyingi mno kwa mwendo huo, au ndani umevaa fulana ya pamba. Pamba hunywa maji na kukaa nayo. Vua safu moja kabla ya kupanda, vaa ya poliesta au sufu chini, kisha jaribu tena kabla hujaenda sokoni.

Huna hakika? Vaa koti juu ya nguo kavu, simama bila kutembea, na umwombe mtu akumwagie maji ya bomba begani na kichwani kwa dakika kumi. Ukitoka mkavu, lile lilikuwa jasho. Jirani watacheka, waache.

Ikiwa koti kweli lina tatizo, kuna mambo matatu tofauti, na dawa zake hazifanani.

La kwanza ni kitambaa cha nje kunywa maji. Koti jipya huwa na dawa ya kufukuza maji, ndiyo inayofanya matone yawe duara na kuteleza. Dawa hiyo ikichoka au ikizibwa na uchafu, kitambaa kinalowa na kuwa kizito, jasho linakosa pa kutokea, na wewe unahisi koti linavuja hata kama utando wa ndani unaozuia maji ni mzima. Sabuni ya unga na dawa za kulainisha nguo ndizo wauaji wakubwa, maana huacha mabaki yanayovuta maji. Lifue kwa sabuni ya maji isiyo kali, kidogo tu, ulisuuze mpaka povu liishe kabisa, kisha urudie kusuuza. Likikauka, lipige pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa chembamba, bila mvuke, baada ya kusoma kibandiko kinachoonyesha kama pasi inaruhusiwa. Joto huiamsha dawa iliyobaki. Mwagia matone: yakikaa duara, umemaliza. Yakinyonywa, tafuta dawa ya kupulizia kwa wauzaji wa vifaa vya mlimani mjini.

La pili ni utepe wa ndani wa mishono. Geuza koti, fuata kila mshono kwa kidole. Utepe uliobanduka sehemu ndogo unaweza kugandishwa. Uliobanduka mabega yote mawili ni dalili kwamba mingine inafuata.

La tatu halina dawa. Ukigeuza koti ukaona tabaka la ndani linachunika vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, au linanata, au lina harufu ya uchachu isiyoisha kwa kufua, utando umekufa. Koti hilo libaki la upepo. Dalili hii inaonekana sokoni, kwenye mwanga, kabla hujatoa pesa. Kwa hiyo usikubali kununua koti bila kuligeuza, hata kama muuzaji anakuharakisha kwamba kuna mwingine analitaka.

Na ukiwa pale Memorial, koti lenye mabaka ya kijeshi liache kwenye lundo hata kama ni zima na bei ni ya kutupwa. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na ya jeshi. Huhitaji kwenda kueleza pale getini kwamba ulilitoa kwenye belo.

Miguu

Mguu unasema ukweli kwa sehemu unayouma.

Lengelenge nyuma ya kisigino: kisigino kinainuka ndani ya buti. Chanzo ni kufunga kamba kilegevu pale enka, au buti kubwa. Tumia tundu la mwisho la juu kutengeneza kitanzi kila upande, pitisha kamba ya upande wa pili ndani ya kitanzi, vuta kwenda chini, kisha funga. Kisigino kikiendelea kuinuka hata hapo, buti si lako.

Lengelenge pembeni ya kidole kidogo: buti ni jembamba. Soksi nyembamba zaidi inaweza kusaidia kidogo, fundi anaweza kulipanua kidogo kwa kalibu kama ni la ngozi, basi.

Lengelenge chini ya unyayo: soksi imelowa na kujikunja, au soli ya ndani inateleza. Badilisha soksi mchana, usisubiri kambi.

Kucha nyeusi hazitokani na kupanda, zinatokana na kushuka. Wanaopanda kwa njia za Machame, Lemosho na Umbwe hushukia Mweka, na kutoka kileleni mpaka geti la Mweka ni zaidi ya mita 4,000 za kuteremka, kidole gumba kikigonga mbele kila hatua. Toa soli ya ndani ya buti, isimamie ukiwa na soksi nene: mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kagua jioni, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Kata kucha siku chache kabla ya safari, siyo asubuhi ya safari. Na kabla ya kuteremka, simama ukaze kamba upya pale enka. Hakuna anayependa kusimama akishashuka kutoka kileleni, na ndiyo maana kucha hupotea.

Vidole vinaganda usiku wa kileleni: mtu wa kwanza utakayemuuliza atakwambia uongeze soksi. Mara nyingi hiyo ndiyo sumu. Soksi ya pili ndani ya buti linalobana inakaba damu, na mguu usio na damu haupashiki na soksi yoyote. Jaribu kuchezesha vidole vyote ndani ya buti lililofungwa. Visipocheza, vua soksi moja. Sababu ya pili ni unyevu. Soksi ulizotembea nazo mchana kutwa zina jasho hata ukizishika ukaona kavu. Ukiwa kambi ya Kibo, mita 4,700 hivi, au ya Barafu, soksi za kileleni zitoke kwenye mfuko wa plastiki na zivaliwe dakika chache kabla ya kuondoka. Hazilaliwi, hazitembelewi kwenda chooni.

Kwa wagumu ambao buti zuri bado ni ndoto: shirika la KPAP (Kilimanjaro Porters Assistance Project) lina ofisi Moshi na huazima wapagazi nguo na viatu vya mlimani bila malipo. Kuvaa raba zilizopasuka ukiwa na mzigo wa kilo 20 siyo ugumu unaohitaji kuthibitishwa kwa mtu.

Slipingi begi imeandikwa -15, wewe unatetemeka

Soma tena kile kibandiko. Mabegi yaliyopimwa kwa viwango vya kimataifa huwa na namba zaidi ya moja: ya kulala kwa raha, ya mpaka wa kuvumilia, na ya hatari, ambapo mtu anaweza kupona usiku lakini si kulala. Wauzaji na wakodishaji hupenda kutaja ile kali zaidi. Wewe angalia ya raha.

Ikiwa namba ya raha ni sawa na bado unatetemeka, gusa chini. Begi lililolaliwa limebanwa, halina hewa, na baridi inapanda kutoka ardhini. Tatizo lako ni godoro. Na ikiwa begi ni la manyoya ya bata, liinue kwenye mwanga: utaona mabonge upande mmoja na utupu upande mwingine. Huo ni unyevu au uchafu. Likifuliwa likauke kivulini kwa siku kadhaa huku ukivunja mabonge kwa vidole kila mara. Kulianika nusu siku na kulikunja ndiyo njia ya kulivundisha. Manyoya yakilowa hayapashi joto, kwa hiyo kwa mvua za masika na vuli mimi nachagua begi la nyuzi za plastiki, ingawa ni zito na linachukua nafasi.

Mengine, kwa haraka

Zipu inafunguka nyuma ya kichwa chake baada ya kufungwa: meno ni mazima, kichwa kimepanuka. Kibane kidogo kwa koleo, kila upande, kisha paka nta ya mshumaa kwenye meno. Ukibana sana unakivunja.

Tochi ya kichwa inafifia saa nane usiku: betri za kawaida hunyong'onyea kwenye baridi. Zikae mfuko wa ndani mpaka wakati wa kutumia, au nunua za lithiamu, zinazovumilia baridi kali zaidi.

Maji yameganda: mrija ndio unaoganda kwanza, siyo mfuko. Usiku wa kileleni tumia chupa, igeuze mdomo chini. Barafu huanzia juu.

Glavu za vidole vitano hazitoshi kwa anayepata baridi haraka. Za kidole gumba peke yake, nne zikikaa pamoja, hupasha zaidi.

Ukiingia porini badala ya mlimani

Vijana wa Arusha wanaofanya kazi na wapiga picha au kwenye vitalu vya uwindaji wana matatizo ya aina nyingine. Mbung'o wanakusanyika kwako na kumwacha mwenzako? Tazama nguo. Buluu na nyeusi huwavuta, ndiyo maana mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa kaki au rangi ya udongo. Wanyama wanakimbia kabla hujakaribia? Sugua mkono wa koti karibu na sikio lako: kitambaa kinachochakarisha kama karatasi kitakusaliti, kivalie flisi juu yake.

Darubini ikishika ukungu kwa nje unapotoka kwenye gari lenye kiyoyozi, iache ipate joto, ukungu utaondoka. Ukungu wa ndani ya vioo ni jambo lingine: mpira wa kuzuia hewa umepitwa, unyevu umeingia, na kuipangusa hakutasaidia chochote. Kwa darubini ya mitumba, itoe kwenye friji baada ya nusu saa uangalie ukungu uko upande gani. Muuzaji akikataa jaribio hilo, umeshapata jibu.

Mahali pa kujaribia

Usijaribu kifaa kipya mlimani. Msitu wa Rau uko jirani na mjini, una matope ya kutosha kuonyesha kama buti linaingiza maji. Kwa mteremko, nenda Materuni mpaka kwenye maporomoko na kurudi, ukiwa na begi lenye chupa kadhaa za maji na soksi zile zile utakazopanda nazo. Kwa wa Arusha, njia za vijijini chini ya Meru zinafaa. Ukitaka jaribio zito, safari ya siku moja kutoka Marangu hadi Mandara ina kiingilio cha hifadhi, lakini inakupa msitu, mvua na mita zaidi ya 800 za kupanda kwa siku.

Ukirudi, usianze na kuoga. Vua soksi uangalie ngozi: wekundu usiotoka baada ya nusu saa ni lengelenge linalosubiri siku ya tatu. Geuza koti uguse mishono. Pitisha kidole kuzunguka soli yote ya buti, kisigino mpaka mbele. Kama kuna kitu cha kupeleka kwa fundi, kipeleke kesho yake, siyo jioni ya kuamkia safari, maana gundi nayo inahitaji usiku wake.